Nilivyozua Balaa Sokoni Hanoi

Kosa lilianzia kwa mama. Nilimpigia simu Tanga kumwambia jioni nitakuwa na wageni wanne chumbani kwangu, wawili kutoka Laos na wawili Wavietinamu, wote wanafunzi wenzangu. "Wapikie wali wa nazi," akasema, kana kwamba Hanoi iko jirani na Pongwe. "Wewe mtoto wa Kitanga, ushindwe na nazi?"

Nazi kwa Kivietinamu ni dừa. Siku ya kwanza kuliona daftarini nililipenda neno hilo. Nikasema hii ni dua, sitaisahau. Mwalimu akanikata: huku kaskazini d husomwa z. Basi dua yangu ikawa zua. Ningekuwa na akili ningeishia hapo, maana kwetu zua haijawahi kufuatwa na jambo la kheri.

Tena lugha yenyewe ina toni sita. Ukilitamka lile neno kwa sauti iliyonyooka, dưa, umeomba tikiti. Sauti ikipanda, dứa, hilo ni nanasi. Ikishuka, dừa, ndiyo nazi. Darasani nilikuwa nazipata zote. Ila darasani hakuna pikipiki zinazopita katikati ya mafungu ya mboga zikikupigia honi kisogoni.

Muuza matunda alikuwa amekaa kwenye kigoda cha plastiki, kile kifupi ambacho ukikikalia magoti yanakufika kidevuni. Nikaona nianze na adabu. Nikainamisha kichwa kama ninayetoa shikamoo, nikamwita "bà", yaani bibi. Uso ukamkunjamana. Mama wa watu hakuzidi miaka arobaini.

Akanihoji. Nina miaka mingapi? Nimeoa? Nikadhani ana binti nyumbani. Kumbe huko maneno ya "mimi" na "wewe" hubadilika kufuatana na nani kamzidi nani umri, kwa hiyo usipoulizwa miaka mazungumzo hayaendi. Nikamwambia ishirini na minne. Akapiga hesabu yake, akajigonga kifua: "Cô." Shangazi. Nikapanda cheo papo hapo, kutoka mjukuu hadi mtoto wa kaka yake.

"Shangazi, dừa?" nikauliza.

Hapo ndipo Kiswahili kiliponiponza. Sisi tukiuliza, sauti inapanda: ipo? Akaokota nanasi. Kabla sijamzuia alishalimenya, na sasa anachonga vifereji vya mshazari kufuata macho ya tunda, kisu kinazunguka taratibu, nanasi linatoka limejisokota kama parafujo. Kazi ilikuwa nzuri mno, sikupata moyo wa kuikatiza. Nikasema tena, kwa ukali kidogo. Ukali nao unapanda. Nanasi la pili. Nikainyoosha sauti kama reli ya Tanga: tikiti, tena kubwa.

Kulipa kukawa kioja kingine. Noti ya dong 20,000 ni ya buluu, ya 500,000 nayo ina ubuluu wake, na zote zina sura ya Ho Chi Minh. Nikampa ya laki tano. Akanipiga kikofi cha mkono, akairudisha pochini, akajichagulia mwenyewe zilizomtosha. Shangazi hasa.

Watu wakaanza kujaa. Nikaona lugha imeshindwa, niigize. Nikavuta kigoda nikakikalia kwa kukipanulia miguu, kama nimekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Nikainama, nikashika nazi ya hewani kwa mikono miwili mbele yangu, nikaanza kukuna: huku, kule, huku, kule, mabega yakicheza. Nilikuna kwa moyo wote. Bibi mmoja (huyu kweli bibi) akapiga makofi kwa furaha, amenielewa! Akapaza sauti kuelekea barabarani.

Akaja dereva wa xe ôm, bodaboda wa huko. Kabla sijafungua mdomo nilishavikwa helmeti, ngumu, inanibana masikio. Mananasi yangu yakaning'inizwa kwenye usukani. Tikiti nikapakatishwa kama mtoto wa kliniki. Wote wakawa wananiangalia kwa huruma: maskini, kijana wa watu alikuwa anatafuta usafiri tu.

"Wapi?" dereva akauliza.

Nguvu zikaniishia. Nikashusha mabega, nikashusha pumzi, na sauti nayo ikashuka hadi tumboni: "Dừaaa..."

Soko zima likaitika: "Aaaa! Dừa!"

Shangazi akacheka mpaka akajishika mbavu. Akainama chini ya meza, akaibuka na panga, akakata mara tatu, akanikabidhi nikiwa bado juu ya pikipiki. Dafu. Bichi, limejaa maji, lina mrija juu. Nikataka kumweleza kwamba mimi natafuta nazi iliyokomaa, lakini nikakumbuka kwamba hilo nalo litahitaji toni. Nikanywa.

Usiku tulikula wali mweupe na nanasi la kuchovya kwenye chumvi ya pilipili. Mama akapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wageni wameshiba?"

"Wameshiba, mama."

"Na huko mbuzi ya kukunia uliipata wapi?"

"Iliitwa na bibi mmoja sokoni, mama. Ikaja na helmeti yake."