Lebo ya Asali na Ada ya Chuo

Pale Soko Kuu la Tabora kuna mama anayeuza asali, na kila asubuhi huanza kazi kwa kalamu ya wino. Anachukua chupa moja baada ya nyingine na kuandika sifuri kwenye lebo. Kisu cha kukatia kilipita juu ya maandishi, "gramu 500" ikabaki "gramu 50". Rangi nayo ilimuangusha. Kwenye simu alionyeshwa dhahabu inayong'aa, kwenye karatasi ikatoka kahawia iliyofubaa kama chai ya jana. Aliyedizaini lebo hizo ni mpwa wangu.

Kijana amemaliza kidato cha nne na huu ni mwaka wake wa pili anafanya kazi kwenye steshenari. Sasa anataka kwenda chuo kusomea usanifu wa grafiki. Shemeji yangu, baba yake, hataki. Anasema mtoto tayari anadizaini, hela anaingiza, kwa nini alipiwe ada miaka mitatu mpaka stashahada ili afundishwe kazi anayoifanya?

Hoja ya shemeji si ya kupuuza. Nimekaa kwenye ile steshenari nikaona. Msiba umetokea usiku, familia inataka ratiba ya mazishi kabla ya adhuhuri, na picha ya marehemu ni ile ya kitambulisho, imekunjika katikati. Mpwa wangu anaiskani, anaondoa mkunjo, anapanga majina ya watoto na wajukuu kwa mfuatano ambao hautaleta maneno kaburini, anaprinti. Sijui ni darasa gani linafundisha hilo. Nimewahi pia kumuona mhitimu wa chuo akipewa kazi ya namna hiyo, siku nzima ikaishia kwenye kuchagua aina ya herufi. Vipo vyuo ambavyo wanafunzi watano wanagombania kompyuta moja.

Shemeji ana mfano mwingine anaoupenda. Edward Saidi Tingatinga hakupita chuo chochote cha sanaa. Alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za kupakia baiskeli, akafariki mwaka 1972, na mpaka leo mtindo unaitwa kwa jina lake. Halafu kuna suala la mkopo. Serikali ilipoanza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada katika mwaka wa masomo 2023/2024, ilianza na fani za kipaumbele kama afya, ualimu na usafirishaji. Mzazi wa mtoto anayetaka kuchora anajua mfuko utakaotoboka ni wake.

Sasa turudi kwenye lebo. Skrini ya simu huunda rangi kwa mwanga: nyekundu, kijani na bluu. Mashine ya uchapaji huunda rangi kwa wino: samawati, majenta, njano na nyeusi. Mng'ao unaouona kwenye simu mara nyingi wino hauwezi kuufikia. Mtu aliyefundwa huweka kazi yake kwenye mfumo wa wino tangu mwanzo, huvusha rangi ya nyuma kiasi cha milimita 3 nje ya mstari wa kukatia, na maandishi huyavuta ndani, mbali na kisu.

Shemeji aliposikia maelezo hayo aliniuliza, "Si ungemwambia tu hizo milimita tatu?" Swali lake ni la haki. Hizo naweza kumwambia tukiwa tunakunywa chai. Nisichoweza kumpa kwa jioni moja ni tabia ya kuuliza kabla ya kushika panya ya kompyuta: lebo itachapwa kwa mashine gani, itabandikwa kwenye chupa ya umbo gani, nani ataisoma akiwa umbali gani. Steshenari haina nafasi ya maswali hayo. Wateja wako foleni, anayelipwa ni anayemaliza haraka. Chuoni, kama chuo ni chuo kweli, lebo moja inachapwa mara sita, mwalimu anaikosoa, wenzako wanaikosoa, unarudia, na hakuna mama sokoni aliyepoteza mtaji kwa makosa yako.

Liko na jambo linaloniuma zaidi. Ukipita sokoni, asali ya kila mtu ina nyuki yuleyule aliyepakuliwa intaneti. Hapa ni Unyamwezini, ambako wachongaji walitengeneza viti vya enzi ambavyo kimojawapo kinatunzwa makumbusho ya Berlin, na kijana anayebuni nembo mjini Tabora hajawahi kukiona hata kwa picha. Steshenari haitamuonyesha. Chuo kinaweza.

Kwa hiyo mimi niko upande wa chuo, lakini si chuo chochote na si kwa mkupuo mmoja. Kwa anayetaka uchoraji, uchongaji au maonyesho, ipo TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, kule Bagamoyo. Kwa mpwa wangu hakuna haja ya kupanga chumba mbali. Chuo cha Ardhi Tabora, pamoja na ramani na mambo ya viwanja, kina fani ya usanifu wa michoro na uchapaji. Aanze na astashahada, ambayo D nne za kidato cha nne zinatosha kumfungulia mlango, na jioni na wikendi abaki steshenari. Mkono ukipoa, cheti pekee hakitamlisha.

Tumekubaliana na shemeji twende wote watatu Jumatatu. Yeye atauliza ada inalipwa kwa awamu ngapi. Mimi nitaomba kuonyeshwa mashine za kuchapia na kuuliza mwanafunzi anazigusa mara ngapi kwa muhula. Mpwa wangu hajasema atauliza nini, ila ameshaiweka kwenye bahasha lebo moja ya yule mama, ile yenye sifuri ya kalamu.