Miaka kumi na filimbi shingoni

Katika mwaka wangu wa kumi na moja wa ukocha, msaidizi wangu aliniomba niwashe kinasa sauti cha simu, niitie mfukoni, nifundishe kama siku zote. Alikuwa kijana aliyetoka kumaliza kozi juzi tu, nikaona ni mbwembwe za darasani. Nikakubali ili yaishe.

Usiku nikasikiliza. Yalikuwa mazoezi ya saa moja na nusu, vijana wa miaka 14, na kilichojaa mle ni mtu anapiga kelele. "Cheza! Cheza!" "Akili, jamani, akili!" "Sasa hapo unafanya nini?" Neno "haraka" nilianza kulihesabu kwa vijiti kwenye karatasi, lilipovuka 40 nikaacha. Halafu, karibu na mwisho, ikasikika sauti ndogo ya winga wangu wa kushoto. Nilikuwa nimemwambia mara tatu atulize mpira. Akauliza: "Kocha, nitulize vipi?"

Jibu langu limo kwenye kinasa, sina pa kulificha: "Tuliza tu, bwana! Tuliza!"

Sikulala vizuri. Mtoto alikuwa ameuliza swali la maana kuliko yote niliyoyasema jioni nzima, na mimi sikuwa na jibu. Nilijua mpira uliotulia unafananaje. Namna ya kumfikisha mtu pale nilikuwa sijawahi kuifikiria.

Wazee walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Kwa ukocha naona methali hiyo ni nusu tu ya kweli. Mtu anaweza kusimama pembeni mwa uwanja miaka kumi, macho yakikimbizana na mpira, filimbi shingoni, akatoka hana alichokiona zaidi ya magoli. Ninachoamini sasa ni kwamba kocha huanza kubobea siku anapojifundisha yeye mwenyewe kwa ukali uleule anaowafanyia wachezaji wake. Kabla ya hapo anazeeka tu kazini.

Wengi wetu bado tunamwita kocha "mwalimu", na timu tunasema "anaifundisha". Tunalitamka neno hilo kila siku bila kulisikiliza. Mwalimu wa hesabu akiingia darasani bila kuandaa somo tunamshangaa. Mwalimu wa mpira anapanga mazoezi huku anafunga kamba za viatu, na hakuna anayeshtuka.

John Wooden, kocha wa mpira wa kikapu wa chuo kikuu cha UCLA kule Marekani, alianza kama mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, na nadhani hakuacha kuwa hivyo. Watu hukumbuka mataji yake 10 ya vyuo vikuu ndani ya misimu 12, kuanzia 1964 hadi 1975. Mimi navutiwa na kilichotangulia. Alifika UCLA mwaka 1948, kwa hiyo alikaa pale miaka 16 kabla ya taji la kwanza. Miaka hiyo hakuwa anasubiri bahati. Mazoezi yake aliyapanga dakika kwa dakika kwenye vikadi, akavihifadhi ili mwakani aone alichofanya siku kama ile na kilimletea nini. Msimu ukiisha, alichagua mada moja, mathalani mitupo huru, akasoma alichokipata na kuwahoji makocha waliokuwa wakiifundisha vizuri kuliko yeye. Mada moja kwa mwaka. Wengi wetu msimu ukiisha tunatafuta jezi mpya.

Katika msimu wake wa mwisho, wanasaikolojia wawili, Roland Gallimore na Ronald Tharp, walikaa jukwaani wakiandika kila kauli aliyoitoa mazoezini. Walitarajia hotuba, hawakuzipata. Walirekodi vitendo vya ufundishaji 2,326, na takriban robo tatu vilibeba maelezo: fanya nini, fanya vipi, lini. Sifa zilikuwa chache, na lawama chache vilevile. Mchezaji akikosea, Wooden alimwonyesha namna sahihi, akaigiza kosa lake, kisha akaonyesha tena namna sahihi, yote kwa sekunde chache, na kazi ikaendelea.

Nikilinganisha na kinasa changu, naona aibu hadi leo. Mimi robo tatu ilikuwa moshi.

Basi kwa nini miaka kumi haikunifundisha? Kwa sababu uwanja ni shahidi muongo, na matokeo ndiyo yanayoongoza kwa uongo. Msimu mmoja timu yangu ya watoto chini ya miaka 13 ilibeba kombe bila kupoteza mechi. Nilivimba kichwa. Nilikuwa na mshambuliaji mmoja ambaye ndevu zilikuwa zimeanza kumchungulia, na beki aliyewapita wenzake kwa kichwa kizima. Mbinu yetu, nikiisema bila kuipamba, ilikuwa kumrushia yule mmoja mpira mrefu akimbie. Nikaiita falsafa. Miaka mitatu baadaye wenzake wakamfikia kimo, na yeye hakuwa amejifunza kupokea mpira huku kakabwa. Mimi ndiye niliyemnyima, na kombe lilikuwa limenipongeza kwa kumnyima.

Jambo hili lina historia ndefu. Katikati ya miaka ya 1980 Roger Barnsley na wenzake waliangalia tarehe za kuzaliwa za wachezaji wa hoki ya barafu Kanada, wakakuta waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka ni wengi kupita kiasi. Wale watoto walikuwa wakubwa kwa miezi kadhaa tu kuliko wenzao wa kundi moja la mwaka wa kuzaliwa, makocha wakadhani ni kipaji. Makocha hao walikuwa na uzoefu wa kutosha, ila waliutumia kurudia kosa lilelile kwa kujiamini zaidi.

Shahidi wa pili asiyeaminika ni kumbukumbu yetu. Mwaka 1986 Ian Franks na Gary Miller waliwaonyesha makocha mechi ya soka, kisha wakawauliza yaliyotokea. Walichokumbuka kwa usahihi hakikufika hata nusu. Jiulize basi yale mazungumzo ya mapumziko, kocha amesimama katikati ya chumba ananyoosha vidole: "Wewe umepoteza mpira kila ulipoupata!" Kila ulipoupata? Labda mara mbili, na moja ilizaa goli, ndiyo maana imeganda kichwani. Nilipoanza kumpa msaidizi wangu karatasi ahesabu jambo moja tu kila mechi, nusu ya hasira zangu za mapumziko zilikosa mahali pa kusimama.

Jambo moja, nasisitiza. Ukitaka kuhesabu kumi hutahesabu hata moja.

Kisha kuna mazoezi yenyewe, na hapa ndipo pananiuma zaidi, maana nilikuwa fundi wa mazoezi yanayopendeza. Koni zimenyooka, mistari mizuri, kila mtu anapiga pasi ya aina moja mara 20, halafu tunahamia zoezi jingine. Mzazi akipita anasema timu ina nidhamu. Lakini tangu 1979 John Shea na Robyn Morgan walikwisha kuonyesha kitu kinachokera. Waliwafundisha watu miendo kadhaa ya haraka ya mkono. Kundi moja lilirudia mwendo mmoja hadi ukaisha ndipo likaenda wa pili, kundi jingine likachanganyiwa yote. Wakati wa mazoezi, kundi la kwanza lilionekana bora. Walipopimwa tena siku 10 baadaye, waliochanganyiwa ndio waliokumbuka vizuri zaidi.

Yaani zoezi linalokufanya uonekane kocha mzuri leo laweza kuwa lile linalosahaulika kesho kutwa. Anayelijua hili anahitaji moyo mgumu, kwa sababu mazoezi ya kuchanganya yana fujo: mipira inapotea, watoto wanakosea, mwenyekiti wa klabu amesimama pale na mikono nyuma. Mara mbili nimerudi kwenye mistari yangu ya koni kwa sababu tu kulikuwa na watu wanatazama. Siwezi kusema sitarudi mara ya tatu.

Turudi kwa yule winga. Wiki mbili niliacha kumwambia chochote kuhusu kutuliza, nikawa namtazama miguu badala ya mpira. Nilikuwa sijui kwamba anausogelea mpira ukiwa njiani, mguu wa kusimamia umekakamaa, anakutana nao kama ukuta. Ndio maana ulikuwa unadunda. Nikataka kumweleza habari za kifundo cha mguu, nikajizuia. Gabriele Wulf na wenzake walionyesha mwaka 1998, kwa watu waliojifunza kusawazisha mwili kwenye mashine ya kuigizia mchezo wa theluji, kwamba aliyeelekezwa kufikiria alichokikanyaga alijifunza vizuri kuliko aliyeambiwa afikirie miguu yake. Nikaweka koni hatua moja nyuma ya alipozoea kusimama. Nikamwambia: "Mpira ufie kwenye koni." Basi. Ili ufie pale ilimlazimu arudi nao, auache mguu ulegee. Hakujua kama amebadili kitu. Siku ile nililala vizuri.

Nafahamu nitaulizwa: kocha ambaye hakucheza ngazi ya juu ataona nini? Arrigo Sacchi aliuza viatu, hakuwahi kucheza soka ya kulipwa, na waandishi walimsumbua mno kwa hilo alipopewa AC Milan mwaka 1987. Akajibu kwamba hakujua kuwa mpanda farasi lazima kwanza awe farasi. Milan ikachukua Kombe la Ulaya 1989 na 1990. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Bruda Colm O'Connell, Mwairishi aliyefika Iten, Kenya, mwaka 1976 kufundisha jiografia katika shule ya St. Patrick's. Hakuwa mtu wa riadha. Akatazama, akawauliza wanariadha wenyewe, akaendelea kutazama kwa miongo. Agosti 2012 mwanafunzi wake David Rudisha alikimbia mita 800 mjini London kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia.

Sisemi kucheza hakusaidii. Mchezaji wa zamani anajua harufu ya presha, na vijana humsikiliza tangu siku ya kwanza, jambo ambalo sisi wengine hulihangaikia msimu mzima. Shida yake ni kwamba aliyekuwa na kipaji mara nyingi hajui alichokuwa akikifanya. Ukimuuliza nitulize vipi, atakujibu kama nilivyojibu mimi, kwa sababu yeye alituliza tu.

Leseni ya ukocha? Kachukue, ni lazima na zina faida. Ila kumbuka kwamba mtihani wake huwa unafanyika mbele ya mkufunzi, siku umejiandaa, na wachezaji walioambiwa watulie. Jumanne yenye mvua, wamekuja tisa na mpira mmoja hauna upepo, haimo kwenye silabasi.

Daftari langu sasa lina kurasa tatu kwa wiki, na mwandiko umeharibika kwa baridi ya jioni. Kabla ya mazoezi naandika ninachotaka wajue wakitoka. Baada ya hapo naandika nilichokiona, si nilichokihisi, na mara nyingi havifanani. Kila baada ya wiki chache nawasha tena kinasa.

Wiki iliyopita nilikisikiliza jikoni. Kuna kipande kirefu sisemi chochote, unasikia mipira na pumzi tu, na nikajipongeza kimoyomoyo. Kisha kipa wangu mpya akafungwa goli jepesi la karibu. Nikajisikia nikimuuliza, kwa upole wa kujivunia kabisa: "Kabla krosi haijapigwa, macho yako yalikuwa wapi?"

"Kwako, kocha," akasema. "Nilikuwa nangoja useme."

Nimeandika kwenye daftari: kesho nisimame wapi? Nimejaza nyuma ya goli, nikafuta. Nimejaza kona ya mbali, nikafuta hiyo pia.