Skwadi yako wakikutafuta wataanzia wapi?

Mama mdogo akinikuta usiku na hedifoni masikioni nasema "nyuma yako, nyuma yako, lala chini!" huwa anauliza swali lilelile, we unaongea na nani? Nikimwambia naongea na washkaji anasema hao sio washkaji, hiyo ni simu. Na mi hilo linaniuma kweli.

Nacheza Free Fire, gemu ya simu ya kupigana mtandaoni, tangu 2019. Nilianza nayo kwa sababu inakubali hata simu ya bei ndogo, mnashushwa watu 50 kisiwani, mkicheza skwadi, yaani timu, mnakuwa wanne, na mechi haichukui muda. Lakini ukiuhesabu usiku mzima utakuta muda mwingi tuko lobi, pale pa kusubiriana kabla ya mechi, tunapiga stori. Mmoja anasubiri aungiwe bando, mwingine anakula, mwingine kaachwa wiki ile hata kucheza hataki, anataka tu watu wawepo kwenye maiki. Sisi wawili tuko Dar, mmoja Mombasa, na wa nne Mwanza tulikuwa tunamwita Babu kwa ile sauti yake nzito. Sijawahi kuiona sura ya Babu ila namjua, najua jogoo wa kwao anawika saa sita usiku, najua mdogo wake anavyogonga mlango akitaka chaja, najua ukipigwa chini Babu lazima arudi kukuinua hata kama yuko nje ya zoni, ile duara salama inayozidi kubana, na uhai wake unaisha, na tumepoteza mechi nyingi kwa hiyo tabia yake na hakuna aliyewahi kumgombeza.

Mwaka juzi Babu akaacha kuonekana. Siku ya kwanza tukasema umeme, wiki ikapita tukasema labda simu imekufa, mwezi ukaisha ndo tukashtuka kwamba hatujui hata jina lake. Namba hatukuwahi kuombana, ya nini wakati kila siku tuko pamoja? Tukatuma meseji humohumo kwenye gemu, kimya mpaka leo.

Ndo maana habari ya Mats Steen wa Norway imenikaa. Alizaliwa 1989 na ugonjwa wa Duchenne unaomaliza misuli kidogo kidogo, akaishia kwenye kiti cha magurudumu, akawa anacheza World of Warcraft, gemu ya mtandaoni ya kompyuta, kwa jina la Ibelin. Wazazi wake walikuwa wanaumia wakiamini mtoto wao hana rafiki. Alipofariki Novemba 2014 akiwa na miaka 25, baba yake akaingia kwenye blogu ya mwanae akaandika kwamba Mats hayupo tena, akaacha na anwani ya barua pepe. Wakaanza kuandika watu wa nchi mbalimbali, mmoja baada ya mwingine, kueleza Ibelin alivyowasaidia kwenye shida zao, na wengine wakasafiri mpaka Norway kumzika. Wazazi ndo wakawajua marafiki wa mtoto wao siku ambazo mtoto hayupo.

Sasa fikiria kama baba asingekuwa na nywila ya ile blogu. Wale watu wangekuwa kama sisi na Babu, wanaangalia jina halirudi, na wazazi wangezeeka wakijua mtoto wao aliishi peke yake. Nywila moja tu.

Sikatai kwamba huko kuna matusi. Dada akiwasha tu maiki kwenye skwadi ya watu asiowajua anaweza kutukanwa mpaka azime, na wanaokaa kimya wakati anatukanwa nawahesabu na watukanaji. Huko mtaani si kuna watu wa hivyo pia? Na mtaani tuna marafiki.

Mi ninachoomba ni kidogo sana. Skwadi yenu peaneni majina ya kweli na namba za simu, halafu mwambie mtu mmoja nyumbani kwamba hawa watu wapo na wanapatikana wapi. Mi nimemwandikia mama mdogo kwenye daftari lake la vikoba, ukurasa wa mwisho, majina mawili na namba mbili. Akasoma akaniuliza, mbona ulisema mko wanne? Nikamweleza habari ya Babu. Akakaa kimya kidogo, akachukua kalamu, akaandika "Babu, Mwanza" na mbele yake akaacha nafasi ya namba.