Daktari ameagiza, au ameomba?

Karatasi ilikuwa na maneno mawili: eksirei, kifua. Hapakuandikwa kikohozi wala homa, wala ameumwa siku ngapi. Mgonjwa, mtu wa makamo, alinikabidhi akisema walichosema wote waliomtangulia asubuhi ile: "Daktari ameagiza." Nikampiga picha. Miaka yote niliyofanya kazi nyumbani Tanzania sikuwahi kujiuliza kwa nini naitii karatasi. Imeagizwa, basi.

Mwezi wangu wa pili hapa Uingereza ikanijia karatasi ndugu yake: goti, na mbele yake neno "maumivu", mwisho. Nikaanza kuandaa mashine. Mwenzangu wa zamu, binti mdogo kwangu kwa miaka kumi hivi, akaniuliza kwa upole kama nimeshalikubali lile ombi. Nikamtazama. Ombi? Tangu lini daktari akamwomba mpiga picha za eksirei?

Ndivyo kanuni za huku zinavyosema. Ni za mwaka 2017, zinahusu mionzi anayopigwa mgonjwa, na kazini tunaziita kwa kifupi IRMER. Zinamtaja mwajiri, kisha zinataja watu watatu kwa kazi wanayoifanya: anayeomba picha, anayeamua kwamba faida yake inazidi madhara, na anayetekeleza. Anayeomba si lazima awe daktari; anaweza kuwa muuguzi, alimradi mwajiri amempa idhini. Wajibu wake ni kutoa maelezo ya kutosha. Asipoyatoa, karatasi inarudi. Na mimi nikibonyeza kitufe kwa picha ambayo haijahalalishwa, yaani hakuna aliyeamua kwamba faida yake inazidi madhara, siwezi kujificha nyuma ya "daktari ameagiza". Lile goti lilirudi. Nilitetemeka kumpigia simu daktari, naye akajibu "samahani" na kuongeza mistari miwili. Yaliisha hapo.

Najua mtakachosema: wenzetu wana sheria, sisi hatuna. Si kweli. Tanzania ilikuwa na sheria ya kujikinga na mionzi tangu 1983, na Sheria ya Nguvu za Atomiki ya 2003 ndiyo iliyotupa Tume ya Nguvu za Atomiki. Misingi ni ileile ya dunia nzima: kila picha iwe na sababu, dozi, yaani kiasi cha mionzi, iwe ndogo kadiri inavyofaa kwa kazi, na wafanyakazi na umma wawekewe ukomo. Ninachokilalamikia mimi ni kwamba misingi hiyo tulifundishwa kwa Kiingereza, tukafanyia mtihani kwa Kiingereza, kisha tukaingia chumbani kusema na mgonjwa kwa Kiswahili, na njiani yale maneno yakadondoka. Lililosalia ni "ameagiza". Neno hilo halimwachi mtu akauliza.

Chukua "mionzi" yenyewe. Kwetu mtu akisema shangazi yake anapigwa mionzi, kila mtu anaelewa ni saratani. Niliwahi kumwambia mama mmoja, "Subiri kidogo mama, tukupige mionzi," akaangua kilio pale pale kwenye benchi. Alikuwa amekuja na mkono uliovunjika. Upande mwingine yuko mjamzito anayekataa ultrasaundi kwa kuogopa mionzi, wakati ultrasaundi ni mawimbi ya sauti tu, hayamo kabisa katika mionzi inayodhibitiwa na sheria hizi. Na "mtaalamu wa mionzi" ni nani? Mpiga picha, daktari anayeisoma, na mwanafizikia anayeikagua mashine, wote watatu tunawaita hivyo hivyo. Likitokea kosa, unamtafuta yupi?

"Kipimo" ndicho kinachonichosha kuliko vyote. Kipimo ni uchunguzi ("nimeandikiwa vipimo"), ni kifaa, na ni kiasi. Jaribu kueleza kwa neno hilo kwamba kipimo kimoja kina kipimo kikubwa kuliko kingine. Ndiyo maana mimi nimeshika "dozi", hata kama wazee wa lugha watanuna. Eksirei ya kifua ni dozi ya kama milisiverti 0.02 (milisiverti ndiyo tunayopimia dozi), na CT skani ya tumbo inaweza kufika 10 hivi, yaani mara mia tano. Kwa mgonjwa wetu zote ni "picha".

Halafu kuna "ukomo". Ukomo wa mtu wa kawaida ni milisiverti 1 kwa mwaka, na wa mfanyakazi ni 20. Mgonjwa hana ukomo. Watu wengi hushtuka wakisikia hivyo, hata huku, lakini ndivyo ilivyo: ukimwekea mgonjwa ukomo unaweza kumnyima picha itakayomwokoa. Kinachomlinda ni lile swali la sababu. Swali lisipoulizwa, hana kinga nyingine ya maana.

Kuna mahali Kiswahili kinawashinda. Kanuni za huku zinamtambua ndugu anayemshika mtoto wakati wa picha, na zinamtaka awe ameelezwa na amekubali kwa hiari. Wenyewe wamemtungia jina refu la maneno matatu, kitu kama "walezi na wafariji". Sisi tunaye muuguzaji, yule anayelala chini ya kitanda cha mgonjwa na kumgeuza usiku. Neno limekamilika, halihitaji nyongeza. Ila kwetu tulimvika aproni ya madini ya risasi, ile ya kuzuia mionzi, bila kumweleza chochote, na siku nyingine aproni ilikuwa moja tu, nikaivaa mimi. Sijivunii.

Sisemi huku ni peponi. Nimeona sababu zikinakiliwa neno kwa neno kutoka mgonjwa hadi mgonjwa, na visanduku vikijazwa na mtu anayetazama saa ya ukutani. Lakini kisanduku kinabaki na jina la mtu, na jina linatafutika.

Tangu 2021 lugha ya sheria Tanzania ni Kiswahili. Kwa hiyo haya maneno yatahitajika, na ni heri yatungwe na watu waliowahi kusimama nyuma ya kioo cha risasi kuliko na mfasiri mwenye kamusi peke yake. Nina daftari langu. Ombi, nimeliandika. Dozi, ukomo, muuguzaji, eneo la udhibiti (mahali ambapo haingii kila mtu kwa sababu ya mionzi), yamo. Lililonisumbua ni lile la kuhalalisha. "Uhalalishaji" unanuka hila, kama mtu anayetakatisha kitu cha wizi. Nimelifuta mara tatu. Kwa sasa mahali pake nimeandika swali tu: kwa nini apigwe?