Kito cha Lamu, watu 15

Ami yangu hapendi kabisa kuulizwa kuhusu Ijumaa ile, kwa hiyo naisimulia mimi niliyeiharibu.

Nasomea ubunifu wa michoro Nairobi, na mwaka wa tatu kuna somo la taipografia, yaani sanaa ya herufi. Kazi ya muhula mzima ni moja tu: buni fonti yako mwenyewe, a mpaka z, kubwa na ndogo, pamoja na tarakimu na alama, kisha itumie mahali pa kweli nje ya kompyuta, upige picha, ulete. Wenzangu wakakimbilia vibao vya saluni na vibanda vya chipsi. Mimi mtoto wa Lamu nikaona nina mtaji wasiokuwa nao wao. Nina bahari.

Fonti nikaiita Mlingoti. Nilitaka herufi zisimame kama milingoti ya majahazi, na zinapopinda zipinde kama tanga lililoshika upepo. Nikachora kwa penseli, kisha nikahamia kwenye programu, kila herufi ndani ya mraba wake wa vipimo 1000, navuta nukta hii kushoto, nasukuma ile kulia, mpaka adhana ya alfajiri. Anayedhani herufi huchorwa mara moja ikaisha, ajaribu o. Ukiipa o urefu uleule wa x, jicho linakwambia o ni fupi. Sharti uivushe mstari kidogo juu na kidogo chini, ndipo ionekane iko sawa. Yaani unadanganya ili uaminike. Hilo nililishika upesi, sijui kwa nini.

Mkia wa Q ulinichukua siku tatu. Nikaupinda kama nanga, nikaunyoosha, nikaupinda tena, nikaupenda hata nikauweka kwenye skrini ya simu. Kiswahili hakina neno hata moja linaloitaka Q. X nayo ikala Jumamosi na Jumapili yake.

Herufi t haikunichukua dakika kumi.

t mnayoijua ni fupi, kichwa kimekatwa, na chini ina kijiguu kinachopinda kulia. Mimi kile kijiguu kikanikera. Nani amewahi kuona mlingoti uliopinda chini? Nikakikata. Juu nikairefusha, nikaipindisha kidogo kulia kama ncha ya foromali, ule mti unaobeba tanga. Nikaitazama, nikapiga meza kwa furaha. Sikujiuliza kama herufi hiyo niliyoibuni ilikuwa tayari imo kwenye alfabeti, nafasi ya sita.

Na majaribio nilifanya, msinionee. Kuna ile sentensi ya Kiingereza ya mbweha wa kahawia anayemruka mbwa mvivu, ambayo ndani yake mna herufi zote 26. Nikaiandika kwa Mlingoti, nikaionyesha darasani, kila mtu akasema inasomeka vizuri. Ilisomeka, kwa sababu kila mtu anaijua kwa moyo. Ungeweka mbegu za ukwaju mahali pa herufi, wangeisoma vilevile.

Likizo ikafika, nikashuka Lamu. Ami ana boti ya mashine ya kupeleka watu Shela, na wakati ule alikuwa ameilaza ufukweni, ameikwangua ubavu, anaipaka rangi upya. Nikaona Mola hanitupi.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Nairobi wanakulisha kweli?"

Nikamwagia hotuba. Nikamwambia barua ya chifu, tangazo la mnada, kadi ya harusi, kote unakutana na ileile Times New Roman, iliyotengenezewa gazeti moja la London, mwaka 1932. Boti ya Lamu kwa nini isiandikwe kwa herufi ya Lamu? Nikamweleza na siri ya o. Hapo akatikisa kichwa kwa heshima. Boti yake imeundwa Matondoni, na mafundi wa kule wanapima mbao kwa jicho bila mchoro, kwa hiyo habari ya kulibembeleza jicho aliielewa kuliko nusu ya darasa letu.

"Na hiyo herufi ya Lamu inauzwaje?"

"Bure, ami."

"Basi Bismillahi."

Nikachapisha herufi, nikazibandika juu ya makaratasi ya boksi, nikazikata kwa wembe. Tukaanza baada ya Alasiri maji yakiwa yamekupwa, mimi na sponji yangu na mkebe wa rangi ya mafuta, buluu. Ubavuni, herufi kubwa kubwa kwa ukubwa lakini ndogo kwa aina (maana herufi ndogo ndiyo fasheni), nikaandika jina la boti: kito cha lamu. Chini yake: watu 15. Karibu na tezi, yaani nyuma ya boti, nikaongeza la kwangu mwenyewe, twende salama. Upande wa pili hivyohivyo. Nilimaliza Maghribi imeshapita, tochi nimeiuma kwa meno. Ami akapita bila miwani, akagusa ubao kwa kidole, akasema buluu imekolea. Nikaenda kulala kama mtu aliyetoa mahari.

Yaliyotokea alfajiri nimeyasikia kwa watu wasiopungua tisa, na kila mmoja ana yake. Nawapa yanayofanana.

Boti ilikuwa gatini kabla jua halijatoka. Wakapanda vibarua wa ujenzi wanaofanya kazi Shela, na akina mama wawili watatu, na kijana mmoja na godoro lake. Giza, usingizi, hakuna aliyesoma kitu. Wakafika kumi na wanne. Jua likachomoza, na pamoja na jua akaja bibi mmoja wa buibui, kikapu mkononi, miwani mpya usoni. Akaweka mguu mmoja kwenye boti. Akasoma. Akaurudisha mguu kwenye ngazi.

"Mwanangu," akamwita ami, "hawa wafu kumi na watano umeshapata wangapi?"

Ami, ambaye sikio lake la kushoto limeharibiwa na mashine, akasikia watu.

"Kumi na wanne, bibi. Umebaki wewe tu, tuondoke!"

"Lahaula!" akapiga kelele yule bibi. "Kifo cha Lamu! Na leo Ijumaa!"

Abiria wote kumi na wanne wakainama upande mmoja kusoma wamepandishwa nini. Boti ikainama nao. Maji yakaingia, godoro likalowa, mtu akapiga shahada kwa sauti, na kwa muda mfupi kuliko ninavyousimulia wote walikuwa juu ya gati, wengine viatu mkononi. Huko juu sasa wakasoma kwa raha zao, jua likimulika vizuri:

kifo cha lamu
wafu 15
fwende salama

Hilo la mwisho, watu waliniambia, lilisomeka kama nahodha hana meno ya mbele.

Nusu saa baadaye gati zima lilikuwa pale. Manahodha wenzake ndio walikuwa wabaya zaidi. Mmoja akamuuliza jeneza la msikitini lina kasoro gani hata watu wakodishe boti. Mwengine akataka kujua kama mfu analipa nauli kamili au nusu, maana harudi. Mtoto aliyekuwa juu ya punda akasoma yote kwa sauti, herufi kwa herufi, kama yuko chuo cha Kurani, akapigiwa makofi.

Simu yangu ikalia. Ami akasema neno moja: "Ndoo." Wenzangu wa hosteli wangedhani anataka ndoo ya maji; kwetu Waamu ndoo ni njoo. Nikajua anataka kunishukuru mbele za watu. Nikavaa kanzu safi, nikachukua na simu yenye kamera nzuri.

Umati ukanifungulia njia. Nami, Mungu anisamehe, nikatabasamu.

"Nisomee hapa," akasema ami.

"Kito cha Lamu."

"Soma tena. Sasa usome kana kwamba hukuandika wewe."

Nikasoma tena. Jamani. Ile ncha ya foromali niliyoipigia meza ikanitazama usoni. Nikatafuta f popote nilinganishe, na kila t ilikuwa f. Kwa Kiingereza pengine ningenusurika, lakini Kiswahili kimeniwekea mtego: kito na kifo, watu na wafu, yote ni maneno, yote yana maana, na hiyo maana hakuna anayetaka kuiona ubavuni mwa chombo. Na miongoni mwa Waswahili wenye t nyingi, sisi Waamu tumo. Wengine wana macho, sisi tuna mato. Wengine mchele, sisi mtele. Chini kwetu ni tini. Nilikuwa nimeiua herufi tunayoila mchana na usiku.

"Una mato wewe?" akauliza ami.

"Ninayo, ami."

"Ya kazi gani?"

Sikuwa na jibu. Rangi ya mafuta ilikuwa imeanza kushika, kuikwangua ni siku mbili, na Ijumaa ndiyo siku yake ya pesa. Aliyetuokoa ni mzee mmoja, maalim wa zamani wa chuo, ambaye alikuwa amekaa barazani muda wote huo na kahawa yake. Akaja taratibu, akaangalia ubavu wa boti kama anayesahihisha kibao cha mwanafunzi.

"Kiswahili kimeandikwa visiwani humu kwa herufi za Kiarabu kabla huyo Mwingereza wako wa 1932 hajazaliwa," akaniambia. "Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728. Te ina nukta mbili juu, fe ina nukta moja. Hatujasikia mtu aliyezikwa kwa makosa. Mtie te yako nukta zake, akae na adabu."

Ami hakungoja tafsiri. Akachovya kidole cha shahada kwenye mkebe wa buluu, akainama juu ya t ya kito, akabonyeza: tap, tap. Nukta mbili. Akaenda kwenye watu: tap, tap. Twende: tap, tap. Akazunguka upande wa pili. Ukiikaribia boti hiyo leo utaona mistari ya kidole chake ndani ya kila nukta, kama mtu aliyeweka dole gumba kwenye hati ya shamba. Halafu akaipangusa mikono yake kwenye kanzu yangu.

Yule bibi wa miwani akashuka ngazi, akasoma upya polepole, akahesabu waliokuwa ndani, akapanda. Alikaa lakini karibu kabisa na ukingo.

Picha nilipiga, kwa sababu tarehe ya kuwasilisha haikuwa inangojea aibu yangu ipoe. Mwalimu akaivuta picha kwenye skrini, akacheka, akatueleza kwamba vitabu vya zamani vya Kiingereza vilikuwa na s ndefu iliyofanana na f kama pacha wake, na kwamba wapiga chapa waliivumilia mpaka mwishoni mwa karne ya 18 ndipo wakaanza kuitupa. Nikapata nafuu kidogo kusikia nina wenzangu, hata kama wamekufa. Kisha akauliza nukta zile mbili ni za nini. Nikamwambia ni lafudhi ya Lamu. Akaziwekea alama ya vyema kwa kalamu nyekundu. Q hakuiuliza.

t nimeirudishia kijiguu chake. Nimempigia ami nikamwambia herufi mpya ziko tayari, nitakuja Desemba tuipake boti upya, kwa gharama yangu. Akasema nisijisumbue. Jana akanipigia mwenyewe, nyuma yake nasikia mashine na sauti za wageni.

"Nina Wajerumani wawili hapa," akasema. "Wameshapiga picha jina la boti mara sita. Wananiambia kwao nukta mbili zinakaa juu ya a, na o, na u."

"Ni kweli, ami."

"Na sisi tumetia kwenye t peke yake." Akanyamaza kidogo, nikasikia kifuniko cha mkebe kinabanduliwa. "Hebu nihesabie, kito cha lamu ina a ngapi?"