Kitaa cha Kijani cha Ami

Jana saa saba za usiku Fuoni nzima, hapa Unguja, imelala, hata paka wamenyamaza, mie nimekaa sebuleni natafuta kitufe. Hakikupotea. Kipo hapa mbele ya macho yangu, kimeandikwa jina lake kwa rangi nyeupe: Num Lock, kile cha kuwashia namba za pembeni. Nataka tu kompyuta ikiri kwamba inakijua. Haitaki.

Chanzo ni ami yangu. Ami ana duka la khanga Darajani, na mwezi uliopita aliniita. "Mwanangu, weye si umesoma kompyuta? Nitengenezee kitu. Mteja akilipa nibonye mara moja tu, risiti itoke." Nikajibu, jambo dogo hilo, ami. Tangu siku ile sijalala vizuri. Kompyuta yake ya zamani nikaitia mfumo wa Linux, nikaandika programu kwa lugha ya C, nikamwelekeza: unashika Alt, unabonya P, basi. Hata ukiwa unatazama mpira kwenye dirisha jengine, risiti itatoka.

Kwangu ilitoka. Kwake haikutoka. Nikapanda dala dala mpaka Darajani, nikafanya kile ambacho fundi yeyote hufanya kabla hajajua ugonjwa, yaani zima, washa. Nikabonya, risiti hiyo! Nikarudi nyumbani, sijavua viatu, simu inalia: "Haitoki." Wiki moja nimekwenda mara nne. Kondakta ameshaanza kuniuliza hali ya risiti kabla ya nauli.

Mara ya nne nikaamua nisiguse kitu, nikae kwenye kigoda nimtazame. Ami akaingia, bismillahi, akakung'uta vumbi, akawasha kompyuta, na kabla ya yote kidole kikenda pembeni kule: Num Lock. Kitaa cha kijani kikawaka. Akabonya Alt na P. Kimya. Akanitazama kama mtu aliyeuziwa samaki wa jana.

Sasa hapa inabidi nieleze, maana nikieleza nyumbani wananiletea maji ya kunywa. Kwenye Linux ile, programu yako haiongei na kibodi. Kati yenu kuna bwana mmoja anaitwa seva ya X, yeye ndiye mwenye skrini, mwenye mausi, mwenye kibodi. Kibodi umenunua kwa pesa yako, imo mapajani mwako, lakini ukitaka habari zake unapeleka ombi kwa seva, kama unavyotafuta barua ya sheha kuthibitisha kuwa unakaa kwenye nyumba aliyojenga babu yako.

Na bwana huyu hana mzaha na makaratasi. Kuna vitufe ambavyo peke yao havisemi neno, lakini ukivishika pamoja na chengine, maana inageuka: Shift, Control, Alt na wenziwe. Kila mmoja ana namba yake. Shift ni 1, Lock (yaani Caps Lock) ni 2, Control ni 4, halafu Mod1 ni 8, Mod2 ni 16, mpaka Mod5 ambaye ni 128. Mie nilimwambia seva: ukiona P na 8, yaani Alt, niite. Ami akiwasha kile kitaa, Num Lock anahesabika kama kashikwa, anaongeza 16 zake, jumla 24. Seva anaangalia daftari: huyu kaandikisha 8, aliyekuja ni 24, hatumjui. Mtu umekuja na karatasi zako zote, unarudishwa kwa sababu una muhuri mmoja wa ziada!

Utasema, si umwambie ami asibonye? Wewe humjui ami. Na isitoshe, nikafikiri, mzee anaandika bei siku nzima, vile vitufe vya namba vya pembeni bila Num Lock havitoi namba. Haki yake.

Kwa hiyo lazima nimjue Num Lock amekaa wapi. Na hapa ndipo waliponichosha. Shift, Lock na Control kazi zao zinajulikana. Lakini Mod1 mpaka Mod5, hawa watano wamepewa namba, hawakupewa kazi. Kwa kawaida Alt yuko Mod1 na Num Lock yuko Mod2, lakini kawaida si sheria, mwenye mashine anaweza kuwahamisha. Ukitaka uhakika unaita amri ya XGetModifierMapping, na seva anakuletea dala dala.

Wallahi ni dala dala. Ina safu 8 za viti, safu ya kwanza Shift, ya mwisho Mod5. Kila safu ina viti sawasawa, idadi yake imeandikwa kwenye max_keypermod, na kwenye mashine yangu ni 4. Viti 32 jumla. Abiria ni namba za vitufe, na kiti kitupu kinaandikwa 0. Safu ya Mod3 nzima imejaa sifuri! Hapo nikajua hii gari haijawahi kufika Darajani, maana kwetu kiti kitupu kondakta angekikalia yeye na kikapu cha mtu.

Num Lock kwangu ni kitufe namba 77. Kazi iliyobaki ni kupita safu kwa safu, kiti kwa kiti, mpaka umwone 77. Mtoto wa madrasa angeweza. Mie nikaandika i + j, safu ongeza kiti. Jawabu: hayupo. Nikaongeza taa. Hayupo. Nikanywa chai ya tangawizi, nikamlaumu seva, nikalaumu kibodi, nikawalaumu waliobuni X kule chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1984, mwaka ule ule wa Katiba ya Zanzibar. Na katiba angalau ilipofika 2010 ilikuwa na marekebisho ya kumi, hawa tangu 1987 wako kwenye toleo la 11, hawaendi kumi na mbili wala hawarudi kumi.

Umeme ukakatika. Gizani ndiyo akili ikanijia. Safu inatakiwa izidishwe kwanza kwa idadi ya viti, ndipo uongeze kiti! Mie na i + j yangu, na kompyuta inaanza kuhesabu na sifuri, nikijitahidi sana nafika 7 na 3, yaani 10, na Num Lock kakaa kiti cha 16. Usiku kucha natafuta abiria wa nyuma, sijatoka mbele kwa dereva.

Umeme uliporudi nikaandika i * max_keypermod + j, akatoka: 77, safu ya Mod2. Nikamwandikisha P kwa seva mara nne: 8 mtupu, 10 kama Caps Lock imewaka, 24 kama ni Num Lock, 26 kama zimewaka zote mbili, maana simwamini ami hata kidogo. Halafu XFreeModifiermap, kwa sababu ile orodha unayoletewa ni kama bakuli la futari la jirani. Ukishakula lirudishe, usiyarundike kwenye memori. Hili tu ndilo bakuli ninalolijua ambalo halirudishwi na kitu ndani.

Leo asubuhi nikampelekea. Kitaa cha kijani kinawaka. Akaja mama mmoja akachukua doti mbili, ami akabonya Alt na P, printa ikakoroma, risiti hiyo. Nikaagiza kahawa, nikajiegemeza kama bwana harusi.

Akaja mteja wa pili, ami anaandika bei. Kidole kimoja. Safu ya juu. Moja… mbili… tano…

"Ami, hizi namba za pembeni hutumii?"

"Hizo? Aa, zinanichanganya, zimepinduliwa. Kwenye simu moja iko juu, hapa iko chini."

"Tangu lini hutumii?"

"Sijazigusa hata siku moja."

Kahawa ikanikwama. "Sasa kile kitaa unakiwashia nini?"

Ami akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, nikiona taa najua umeme upo."