Gemu haimfundishi mtu kompyuta, kinachofundisha ni pale inapogoma

Sema nyumbani kwamba dogo anacheza gemu ili ajue kompyuta uone moto wake. Wazee watakwambia anapoteza muda, madogo nao watajitetea eti huko ndo IT ilipo. Mi naona wote wanabishania gemu kama vile zote ni kitu kimoja.

Chukua kibanda cha PS (PlayStation) cha mtaani. Unalipia mechi, unapewa pedi, unapigwa tatu bila, unampisha mwenzio. Hapo kompyuta hujaigusa popote, anayejua kitu pale ni mwenye kibanda anayefungua pedi na bisibisi pale analogi inapoanza kujiendea yenyewe. Utapata vidole vyepesi na kejeli za kutosha, sawa, ila usimdanganye bi mkubwa kwamba unasoma. Na vibanda vingine siku hizi watu wanawekeana hela kila mechi, hiyo ishakuwa kamari tu.

Sasa njoo kwa dogo mwenye Android ya bei chee anayetaka ile PES (gemu ya mpira) yenye Simba na Yanga ya kuchezea kwenye PPSSPP, app inayofanya simu icheze gemu za PSP, ile PlayStation ya mkononi. Hiyo Play Store haipo. Anatafuta linki, anasubiri bando la usiku adaunlodi, anagundua simu imejaa, anahamishia picha memori kadi, anafungua lile faili la zip kwa ZArchiver, linadai paswedi ambayo jamaa kaificha mwishoni kabisa mwa video yake ya YouTube (hawa watu Mungu anawaona), halafu faili la ISO (gemu yenyewe) linakaa kwake, SAVEDATA (ulichosevu) inaenda ndani ya foda la PSP, TEXTURES (picha za jezi) nayo humohumo, akikosea hilo foda la mwisho gemu inafunguka vizuri tu ila jezi zinatokea za zamani. Anafuta, anapasti upya. Kisha anaingia setingi kushusha rezolusheni maana simu inakwamakwama.

Huyo hajafundishwa na mtu, lakini faili anajua ni nini, foda anajua, nafasi kwenye simu anaielewa, na anajua kutafuta kosa hatua kwa hatua badala ya kusema tu "imegoma". Mi nimekutana na watu wana cheti cha kompyuta ukutani na hawajui faili walilodaunlodi limeenda wapi, siwatanii.

Na wala hili si jipya. Mwaka 1969 pale maabara ya Bell Labs Marekani, Ken Thompson alikuwa na gemu yake ya kurusha chombo angani, Space Travel, kuichezea kwenye mashine kubwa kulikuwa na gharama, akaihamishia kwenye kompyuta ndogo, PDP-7, iliyokuwa haina kazi sana. Kuifanya ikubali kule ndo kukamzoesha ile mashine, na ni juu ya hiyohiyo PDP-7 Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta, ilipoanzia. Linux ikaja baadaye kwa kufuata nyayo za Unix, na Android ya huyo dogo iko juu ya Linux. Sema tu Thompson alikuwa fundi tayari, gemu ilimpa sababu ya kuhangaika.

Ndo maana Free Fire au eFootball mimi siziweki fungu hilo. Unabonyeza instali, unaingia, inakula bando, basi. Ukimaliza mwaka mzima umejua kupiga vichwa tu. Wale wanaochora skini za mabasi ya mikoani kwa ajili ya Bus Simulator Indonesia hao nawapa heshima zao, rangi na maandishi vinakaa mpaka kwenye mlango unapofungukia, ile ni kazi ya grafiki kabisa. Ila hata hao wakae na Excel wajifunze, maana bosi hatakuuliza habari za skini.

Mdogo wangu hapa home nimemwambia laptop atumie, gemu aiweke mwenyewe na ikigoma asiniite. Juzi kakomaa na lile tangazo la d3dx9_43.dll haipo, kagugo, kagundua ni DirectX (programu ya Windows ambayo gemu zinaitegemea kuonyesha picha), kainstali, ikafunguka saa tano usiku na keshokutwa yake ana mtihani wa hesabu. Mama akaja akachomoa chaja, na betri ya ile laptop ilishakufa kitambo. Sikumtetea.